Hasanak mtini: shajara ya kumtafsiri Bayhaqi

9 Machi

Nimekata shauri. Sitafsiri kitabu kizima cha Bayhaqi, umri niliobakisha hautoshi. Nachukua kisa kimoja tu, cha kuuawa kwa waziri Hasanak, kurasa chache katika chapa ya Mashhad ya mwaka 1971, nakitia Kiswahili moja kwa moja kutoka Kifarsi. Tafsiri ya Kiarabu iliyotoka Cairo ninayo pembeni, ila nimejiwekea sharti: kwanza nivunje jiwe mwenyewe, ndipo nichungulie wenzangu wamelivunjaje.

Kwa atakayeisoma shajara hii bila kuzijua habari zenyewe: Abul-Fadhl Bayhaqi alizaliwa mwaka 385 Hijria (995) katika kijiji cha Harithabad, wilaya ya Bayhaq huko Khurasan, upande ambao leo ni Sabzevar nchini Iran. Alikuwa karani. Miaka 19 alikaa chini ya bwana wake, Abu Nasr Mushkan, katika diwani ya barua ya masultani wa Ghazni, yaani ofisi iliyoandika, kunakili na kutunza kila waraka wa dola. Baadaye alipanda cheo, akavuliwa, akatiwa ndani, akatoka, na uzeeni akakaa kitako kuandika historia ya wale aliowatumikia. Akafariki mwaka 470 Hijria (1077). Ibn Funduq, aliyeandika historia ya wilaya hiyo hiyo ya Bayhaq miaka 90 hivi baadaye, anasema kitabu kilizidi juzuu 30. Kilichotufikia ni sehemu tu, kuanzia juzuu ya 5 hadi ya 10, na karibu yote ni habari za Sultan Masud, aliyeshika ufalme mwaka 1030 na kuuawa 1041.

Mimi nimekuwa karani wa masjala miaka 31. Nadhani ndiyo sababu ameninasa. Historia nyingine za zamani zimeandikwa na watu waliokaa karibu na kiti. Hii imeandikwa na mtu aliyekaa karibu na faili.

14 Machi

Kurasa: nusu. Neno la kwanza tu limenikwamisha.

Kila mtu wa maana katika kitabu hiki anaitwa *khwaja*. Nikiandika "Khoja Ahmad", msomaji wa Unguja atadhani namzungumzia jirani yake wa mtaa wa pili. Na kosa halitakuwa lake, maana neno ni lile lile, na Makhoja jina lao walilipata humo humo. Nikajaribu "Sheikh", ikanukia msikiti. Nikajaribu "Mheshimiwa", nikahisi tumehamia Baraza la Wawakilishi na kipindi cha maswali kimeanza.

Kisha nikafika kwa waziri mkuu Ahmad bin Hasan Maymandi, ambaye makarani wanamwita *khwaja-yi buzurg*. Hapo sikufikiri hata dakika moja. Bwana Mkubwa. Neno limeingia kama mguu kwenye ndara yake ya siku zote. Basi wengine wote wamekuwa "Bwana", na suala limekwisha.

22 Machi

Leo nimepanga habari za kosa lenyewe, ambazo Bayhaqi anazipita haraka kwa kuwa wasomaji wake walizijua.

Hasanak alikuwa wa ukoo wa Mikal wa Nishapur, na ndiye waziri wa mwisho wa Sultan Mahmud. Aliwahi kuongoza mahujaji, na wakati wa kurudi njia ya jangwani haikuwa salama, akapitia Sham, nchi iliyokuwa mikononi mwa Makhalifa wa Kifatimi wa Misri. Huko akavishwa joho la heshima, akalipokea. Khalifa wa Baghdad, al-Qadir, akawaka. Mtu wa Sultan wa Ghazni, dola ya Kisunni inayosoma hotuba kwa jina la Baghdad, avae joho la Misri? Akamwita Mkarmati na kutaka atundikwe.

Tusi hilo lilikuwa zito. Makarmati ndio waliovamia Makka mwaka 930 na kuliondoa Jiwe Jeusi, wakakaa nalo hadi 951. Kwamba wao na Mafatimi walikuwa mambo mawili tofauti, hilo halikumshughulisha mtu. Ukishaitwa Mkarmati, hoja imefungwa.

Mahmud alipopata habari alikasirika. Akataka khalifa aandikiwe kwamba yeye, kwa ajili ya Bani Abbas, ukoo wa khalifa, ameingiza kidole chake dunia nzima akiwasaka Makarmati, na kwamba Hasanak amemlea mwenyewe. Kama Hasanak ni Mkarmati, basi na yeye Mahmud ni Mkarmati. (Khalifa mwenyewe, Mahmud alimpa jina ambalo nimelitafsiri "mzee aliyepotewa na akili", na bado nalitafutia lililo kali zaidi.) Lakini joho lilipelekwa Baghdad likachomwe moto. Mahmud alijua kufoka, na alijua pia kulipa.

Mwaka 1030 Mahmud akafa. Hasanak alikuwa upande wa Muhammad, mwana wa Mahmud na mdogo wake Masud, na inasemwa aliwahi kumtumia Masud ujumbe: ikitokea siku ukakalia kiti, basi mtundike Hasanak. Masud akakalia kiti.

2 Aprili

Maalim wangu wa Kifarsi amepitia kurasa mbili za mwanzo. Ananiita "mwanangu" ingawa na mimi nina wajukuu. Ameweka kidole kwenye mstari mmoja, akanyamaza. Nikajua nimechemka.

Siku Hasanak anapoletwa mbele ya waziri na makadhi huko Balkh, Bayhaqi anasema yeye na wenzake walikuwa nje ya ukumbi, wameketi *be dukkanha*, wakimsubiri. Mimi nimeandika "wameketi madukani".

"Maduka ya nini, mwanangu? Makarani wamekwenda kununua sukari?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, Maalim. Dukkan."

"Dukkan la zamani ni kipande cha ukuta kilichoinuliwa, watu wakalie. Unalikalia kila siku."

Tulikuwa tumelikalia wakati huo huo. Baraza! Bayhaqi na makarani wenzake walikuwa wamekaa barazani, nje, kama watu wanaosubiri zamu mahakamani. Neno "duka" ni ndugu yake aliyeingia biashara baadaye.

Kosa dogo, lakini lingeharibu jambo kubwa. Mahali alipokaa ndipo palipo thamani yote ya ushahidi wake. Hasanak alipita mbele ya macho yake, na hapo anaandika alichoona. Yaliyotendeka ndani hakuyaona, na anasema hivyo, kisha anamtaja aliyemhadithia. Mtu aliyelelewa chuoni akasikia hadithi zinavyotajiwa wapokezi wake, utaratibu huu anautambua mara moja. Tofauti ni kwamba Bayhaqi anautumia kwa mambo ya ofisini.

3 Aprili

Basi alichokiona kutoka barazani ni hiki, na nimekitafsiri leo asubuhi kabla ya chai kupoa:

Hasanak akatokea, hakufungwa pingu. Amevaa juba la rangi ya wino linalopiga weusi, limechakaa kidogo. Kanzu na shuka ya mabegani safi kabisa. Kilemba cha Kinishapuri kilichopigwa pasi ya mkono. Viatu vipya vya mtindo wa Kimikaili. Nywele zimelazwa chini ya kilemba, zinachungulia kidogo tu.

Mtu anayepelekwa kudhalilishwa, juba limechakaa lakini viatu ni vipya. Bayhaqi hakutoa maelezo. Nami nimejizuia nisitoe, ingawa mkono uliniwasha.

Mchana nikaingia ndani ya ukumbi, kwa masikio ya Nasr Khalaf, rafiki wa Bayhaqi aliyemhadithia. Hasanak alipoingia, Bwana Mkubwa alisimama kwa heshima, na wote wakasimama, waliotaka na wasiotaka. Abu Sahl Zawzani, mtu aliyemwinda Hasanak tangu mwanzo, alishindwa kuimeza hasira yake. Akainuka, lakini *na tamam*, si kamili, akinung'unika peke yake. Waziri akamgeukia: *dar hame karha natamami*. Nimepata: "Akainuka nusu. Bwana Mkubwa akamwambia: Wewe kila jambo lako nusu."

Nimejisomea kwa sauti mara tano. Mke wangu akauliza toka jikoni nani kila jambo lake nusu.

17 Aprili

Hakuna kazi. Flashi yangu imekufa. Niliipeleka kwa fundi, akairudisha baada ya siku tatu ikiwa safi kama siku iliyozaliwa, pamoja na kurasa nne na faharasa yangu ya maneno. Anasema nilimwambia asafishe. Mimi nasema nilimwambia aokoe. Tumebaki hapo.

Nimejifariji kwa kufungua pale Bayhaqi anapolilia karatasi zake. Alikuwa na nakala za barua za miaka yote ile, kazi ya mkono wake na ya bwana wake, na anasema zilipotezwa makusudi. Anaziita bustani za peponi, na kuomba radhi kwamba lau zingekuwepo historia hii ingekuwa kitu kingine. Yeye alipokonywa. Mimi nilizipeleka mwenyewe, na nikalipa elfu kumi juu yake.

Kuanzia leo nachapa nakala moja ya karatasi kila Ijumaa.

6 Mei

Nimerudia yaliyofutika, na katika kurudia nimegundua dhambi. Nina bahati kwamba fundi alinifutia.

Mwanzo wa kisa, Bayhaqi anamtambulisha Abu Sahl. Anasema leo hii anapoandika, mwezi wa Mfunguo Tatu mwaka 450, wengi wa watu wa kisa hiki hawapo; Abu Sahl mwenyewe amekwenda miaka kadhaa iliyopita na sasa yuko kwenye majibu ya aliyoyatenda. Anakiri kwamba alipata ubaya kutoka kwake (Abu Nasr alipofariki mwaka 1039, Abu Sahl ndiye aliyekuja kuwa mkuu wa diwani, na Bayhaqi akawa chini yake). Lakini umri wangu umefika miaka 65, anasema, na haifai niandike jambo la chuki hadi wasomaji waseme: aibu kwa mzee huyu.

Nimehesabu kwa vidole. 450 toa 385, ni 65 kamili. Hakudanganya hata umri.

Baada ya hapo ndipo anamweleza mtu wake: mwana wa imamu, mwenye hadhi, mwenye elimu, mwanafasihi, *lakini* shari na ukali vilikuwa vimejikita katika tabia yake. Mwenendo wake ulikuwa hivi: anangoja Sultan amkasirikie mtumishi na kumpiga kofi, hapo yeye anaruka kutoka pembeni, anaongeza la kwake, halafu anatamba mjini kwamba fulani nimemwangusha mimi. Wenye akili walijua si kweli, wakatikisa vichwa na kucheka chinichini. Na chanzo cha chuki yake kwa Hasanak? Enzi za Mahmud alikwenda nyumbani kwa Hasanak, na bawabu akamdhalilisha mlangoni. Bawabu! Kwa hadhi na mali yake yote, anasema Bayhaqi, Abu Sahl mbele ya Hasanak alikuwa tone la maji mbele ya mto.

Katika rasimu ya kwanza niliyapita yale maneno manne ya sifa kwa sentensi moja fupi, "msomi fulani", nikakimbilia shari. Sikuona kwamba nafanya hivyo. Nilikuwa na hamu ya kumfikia mbaya wangu. Na katika mistari mingine miwili nilikuta nimemwongezea "katili" na "mwovu", maneno ambayo mwenye kitabu hakuyaweka pale. Bayhaqi ndiye aliyekuwa na haki ya kuyaweka, akajizuia. Mimi ambaye Abu Sahl hakunifanya lolote ndiye niliyemtukana.

Nimeyaondoa. Sifa zimerudi, moja moja, kwa mpangilio wake. Na ajabu, mtu huyo sasa anatisha zaidi. Mhuni akifanya uhuni, ni kazi yake. Mwanafasihi, mwana wa imamu?

11 Mei

Mzozo wa ndani ya ukumbi umekamilika. Abu Sahl anamwita Hasanak mbwa wa Kikarmati. Jibu la Hasanak: mbwa ni nani sijui, lakini ukoo wangu na niliyokuwa nayo walimwengu wanayajua; dunia nimeila, kazi nimezifanya, na mwisho wa mtu ni kifo; mimi si mkubwa kuliko Husayn bin Ali. Na bwana huyu anayeniambia haya, alinitungia mashairi na akasimama mlangoni kwangu.

Sentensi hiyo ya mwisho imeuma.

Halafu inakuja sehemu ambayo wengine huipita, na mimi kama karani imenikalisha siku nzima. Zimeandaliwa hati mbili za mauzo ya mali yote ya Hasanak, mashamba na vyote, kwamba amemuuzia Sultan. Inasomwa shamba moja moja kwa jina, anakiri ameuza kwa hiari yake bila kulazimishwa, anapokea kile kiasi cha fedha kilichopangwa, na waliohudhuria wanatia saini za ushahidi, makadhi wakiwepo. Kesho yake watamuua. Lakini leo lazima risiti iwe sahihi.

19 Mei

Nimepoteza wiki kwenye tarehe, ila sijutii.

Bayhaqi anasema kikao kile kilikuwa Jumanne tarehe 27 Safar, na utundikaji ukawa kesho yake, Jumatano, zimebaki siku mbili mwezi uishe. Safar ni Mfunguo Tano wetu. Bibi yangu, Jumatano ya mwisho ya Mfunguo Tano hakumruhusu mtu atoke safari. Aliihesabu siku nzito. Nilipofika mstari huo nilimkumbuka, nikataka kujua ni mwaka gani hasa.

Rejea kadhaa nilizonazo zinatoa 423 Hijria, yaani 14 Februari 1032. Nikakaa na jedwali na penseli. Tarehe 28 Safar 423 inaangukia Jumatatu. Nikarudia. Jumatatu. Nikajaribu mwaka uliotangulia: 28 Safar 422 ni tarehe 24 Februari 1031, na ni Jumatano. Ile ya 27, Jumanne. Zote mbili zinakaa mahali pake, na mwezi huo huo wa Safar 422 ndio Maymandi alikuwa ametoka tu kupewa uwaziri.

Karani anaweza kuteleza kwenye mwaka. Siku ya juma ambayo mtu alikaa barazani akimsubiri anayekwenda kufa, hiyo haisahauliki hivi hivi. Katika matini naacha alivyoandika: Jumatano, zimebaki siku mbili Mfunguo Tano uishe. Pembeni naweka 1031 na hesabu yangu, kila mtu aikague.

Jumatano hiyo Sultan Masud alipanda farasi akaenda kuwinda, pamoja na maswahiba na wapiga ngoma, kwa starehe ya siku tatu. Kwanza akaacha amri mti usimamishwe karibu na uwanja wa sala wa Balkh.

4 Juni

Siku nne kwa sentensi moja.

Hasanak amefikishwa chini ya mti, anaamriwa avue nguo. *Akapitisha mkono chini, akakaza izarband, akafunga paycheha za izar.* Izari! Moyo ukaniambia ni kikoi, na picha ikawa nzuri sana: mwanamume anakaza kikoi chake kabla ya kufa. Nikaiandika, nikaipenda, nikalala nayo siku mbili.

Siku ya tatu neno *paycheha* likaniamsha. Ni miguu ya vazi. Kikoi kina miguu? Basi izari hapa ni suruali, ile pana ya zamani inayofungwa kwa kamba kiunoni na kubanwa chini vifundoni. Kikoi changu kikaenda na uzuri wake wote. Angalau "suruali" nayo asili yake ni Uajemi, *shalwar*, imefika kwetu kwa kupitia Kiarabu, kwa hiyo nguo imerudi kwa mwenyewe.

Ikabaki izarband. "Mkanda" si kweli, "kamba" ni ya mbuzi. Siku ya nne mama mmoja anayeshona mtaani kwetu akasema neno bila hata kuinua uso: kigwe.

"Akapitisha mkono chini, akakaza kigwe cha suruali, akafunga miguu yake, akavua juba na shati, akavitupa pamoja na kilemba, akasimama na suruali tu, mikono ameifumbata. Mwili kama fedha nyeupe, uso kama picha laki moja."

Kwa nini alifunga miguu ya suruali? Atakuwa juu, na watu watakuwa chini.

12 Juni

Mti wenyewe. Rasimu ya kwanza nilisema "kusulubiwa", kwa kuwa tafsiri ya Kiarabu inatumia neno la mzizi huo. Kijana mmoja niliyempa asome akaniuliza misumari iko wapi. Hakuna misumari. Wamemfunga kamba kwenye mti, mnyongaji amemtia kitanzi. Nimeandika "kutundikwa mtini", na kisa kizima kimebadilika jina.

Kazi ya leo imekwenda kwa mtiririko mzuri. Wanaleta kofia ya chuma yenye kufunika uso, na wameichagua ndogo makusudi, haimtoshi. Sauti zinapigwa kwamba kichwa kifunikwe kisiharibiwe na mawe, kitapelekwa Baghdad kwa khalifa. Matarishi wawili wametengenezwa, wamevishwa mavazi ya matarishi, ili ionekane wametoka Baghdad na barua ya khalifa. *Wametengenezwa.* Bayhaqi hasemi barua ilikuwa ya uongo. Anasema tu kwamba watu hao walivishwa. Mtu aliyekuwa kwenye diwani ya barua, aliyejua kila kilichoingia na kilichotoka!

Halafu wanampandisha "kipando ambacho hakupata kukipanda kamwe". Nimekiacha hivyo hivyo. Ukitafsiri fumbo ukaliweka wazi, umelitundika nalo.

Watu wanaambiwa warushe mawe. Hakuna anayenyoosha mkono kwenye jiwe. Wote wanalia, hasa watu wa Nishapur. Basi wahuni wachache wakapewa *sim* wapige. Sim ni madini ya fedha, na ni pesa. Kiswahili kina neno moja linalobeba yote mawili, na ndilo nililolitumia muda mfupi nyuma kwa mwili wake. "Wahuni wachache wakapewa fedha." Sijui kama Bayhaqi alikusudia neno lirudi. Mwilini mwake ni sim, mikononi mwa wahuni ni sim.

Wakati huo mtu alikuwa amekwisha kufa. Kitanzi kilimtangulia.

Abu Nasr Mushkan siku hiyo hakula kitu.

30 Juni

Sinia.

Abu Sahl amealika watu kwa vinywaji. Anaagiza kwa siri kiletwe kichwa cha Hasanak ndani ya *tabaq* yenye *mikabba*, na kuwaambia wageni kwamba *nawbawa* imefika, tuile. Hapa sikuhitaji kamusi wala Maalim. Sinia lililofunikwa kawa, na malimbuko. "Malimbuko yameletwa, tule." Wote wakasema tule. Kawa likafunuliwa.

Aliyehadithia alikuwepo, na anasema alizimia. Abu Sahl alicheka, akamwaga bustanini mvinyo aliokuwa nao mkononi.

Nimempelekea Maalim ukurasa huu alasiri. Amesoma, akavua miwani.

"Kawa hili umelitoa kwa nani?"

"Ndilo neno, Maalim."

"Najua ndilo neno. Wajukuu zangu wataleta futari chini ya kawa, na mimi nitakumbuka haya."

Nikamuuliza kama nilegeze. Akasema nisithubutu.

24 Julai

Nimetoka Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, sauti imekauka. Wanaume wamechapana migomba kama kawaida, kibanda cha makuti kimechomwa. Mwaka wetu ule ni Nairuzi, na nilipokuwa nautazama moshi nikamkumbuka Masud na sikukuu ya moto ya Wafarsi, Sada, ambayo Bayhaqi aliishuhudia: ngamia wamebeba kuni za jangwani hadi pakawa kilima, njiwa wamepakwa mafuta ya nafta na kuachiwa wanawaka, na mwanga umeonekana karibu farsakhi 10. Hicho ndicho kisa kitakachofuata, kama nitakuwa hai. Au mafuriko ya Ghazni. Na nimepitia Kizimkazi kuyaona tena maandishi ya kibla, mwaka 500 Hijria. Miaka 30 baada ya kufa karani wangu.

2 Agosti

Rasimu ya kwanza imekamilika. Mwili ulikaa juu ya mti miaka saba, hadi miguu ikakauka ikapukutika, ndipo ukateremshwa ukazikwa, na hakuna aliyejua kichwa kiko wapi na kiwiliwili kiko wapi.

Mama yake alifichwa habari miezi miwili mitatu. Alipoambiwa hakupiga mayowe kama wafanyavyo wanawake, anasema Bayhaqi; alilia kwa uchungu hata waliokuwepo wakalia damu. Halafu akasema:

"Alikuwa mtu mkubwa ajabu mwanangu huyu! Mfalme kama Mahmud akampa dunia, na mfalme kama Masud akampa akhera."

Nimeandika mara moja, sikufuta neno. Dakika mbili. Kigwe cha suruali kilichukua siku nne.